Muziki mzito 2025: diski fupi zangu, na ile ambayo Kasapa haijatoa bado

Kila mwezi wa kumi na mbili orodha zinatoka. Wimbo wa mwaka, klipu ya mwaka, mwanamuziki wa mwaka. Kinshasa inachukua nafasi karibu zote, Nigeria na Tanzania zinagawana zilizobaki. Mimi nakaa Kasapa, Lubumbashi, upande wa barabara ya chuo kikuu, na muziki ninaoupenda hauingii katika orodha yoyote ya hapa kwetu. Ni muziki mzito: gitaa zinazokwaruza, ngoma zinazopigwa kama mtu anabomoa ukuta, sauti ya mtu anayelia kwa nguvu sababu kusema kwa upole hakujamfikisha popote. Basi nimejiandikia orodha yangu mwenyewe.

Nimeiwekea masharti mawili. La kwanza, diski iwe fupi: nyimbo tatu mpaka sita, dakika kumi na tano ao ishirini na tano, ile ambayo wanamuziki wanaiita EP. Wimbo mmoja uliotolewa peke yake nao unaingia. La pili, iwe niliisikiliza kweli mwaka huu, mara nyingi, hata kama ilitoka miaka ya nyuma. Msomaji mkali atasema hapo hapo: basi hiyo siyo orodha ya mwaka 2025. Ana haki ya kusema. Lakini kama ningetaka diski fupi nzito iliyotengenezwa Lubumbashi mwaka huu ningeipata wapi? Nimeuliza wenzangu wanaopenda muziki huu, nimeuliza wanafunzi wa mahome ya chuo, nimeuliza wauzaji wanaojaza nyimbo katika kadi za telefone. Hakuna aliyenionyesha hata moja. Makundi yapo, mazoezi yapo, kelele ipo. Faili yenye nyimbo nne ambayo mtu anaweza kukutumia, hapana. Nataka kusema juu ya hilo, lakini kwanza niseme kwa nini ufupi wenyewe ni jambo kubwa kwetu.

Umeme. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 kuna laini kubwa inayotoka Inga mpaka Kolwezi, karibu kilomita 1,700, iliyojengwa ili kulisha viwanda vya madini vya Katanga. Inapita juu ya vijiji vingi ambavyo havina hata balbu moja. Sisi wa mjini tunapata kilichobaki, na delestaji inakuja bila kupiga hodi. Mtu anayesikiliza muziki kwa telefone ao kwa spika ndogo anajifunza kuhesabu. Diski ya saa moja ni kamari. Diski ya dakika ishirini unaweza kuimaliza, kuirudia, na bado batri ikabaki na nguvu ya kumpigia mama.

Kisha mega. Dakika ishirini za muziki zenye sauti nzuri hazifiki mega 50. Saa nzima inapita 100 bila shida. Mwanafunzi wa Kasapa anayenunua forfe ya siku anajua tofauti hiyo vizuri kuliko mwalimu wa hesabu. Na ndugu zetu wa Goma na Bukavu, ambao mwaka huu wameona vita ikiingia mjini, mabenki ya Goma yakifungwa na uwanja wa ndege ukinyamaza, wanajua zaidi: faili ndogo inapita kwa Bluetooth kutoka mkono mmoja hadi mwingine, haiombi ndege wala benki.

Lakini ufupi siyo umaskini tu. Muziki wa Katanga uliorekodiwa ulianza kuwa mfupi. Mwaka 1952 Hugh Tracey alifika Jadotville, leo Likasi, na mashine yake, akamrekodi kijana anayeitwa Mwenda Jean Bosco. Wimbo «Masanga» uliingia katika upande mmoja wa sahani, na upande mmoja wa sahani za wakati ule ulibeba kama dakika tatu. Dakika tatu tu! Gitaa moja, vidole vya mtu mmoja, na mpaka leo wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani wanakaa na kujaribu kufuata vidole hivyo. Bosco na mwenzake Edouard Masengo walifika hata Nairobi, na gitaa ya Kenya ikabadilika. Hawakungoja wapate nyimbo kumi na mbili. Walipewa dakika tatu, wakazijaza. Bosco hakuwa mwanamuziki mzito, najua. Ninamtaja kwa sababu ya kipimo.

Sasa uzito. Wengi hapa wanafikiri metali na roki ni mambo ya wazungu wenye nywele ndefu. Ni kweli jina la metali lilianzia kwao. Mwaka huu, tarehe 22 Julai, Ozzy Osbourne alifariki, wiki mbili na siku chache baada ya kuimba mara ya mwisho na Black Sabbath mjini Birmingham, Uingereza, tarehe 5. Redio za dunia zilimlilia. Watu wachache hapa waliuliza Birmingham ni mji gani. Ni mji wa viwanda vya chuma. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, alikuwa kijana wa kiwanda; mashine ya kukata bati ilimkata ncha za vidole viwili. Akajitengenezea vifuniko vya plastiki ya chupa iliyoyeyushwa, akalegeza nyuzi za gitaa ili zisimuumize, na sauti ikashuka chini, ikawa nene. Diski yao ya kwanza, ya mwaka 1970, ina ile sauti ya mji unaofua chuma.

Mtu wa Lubumbashi akisikia habari hiyo haihitaji kutafsiriwa. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ilikwisha kumwagwa katika tanuru la Union Minière. Bomba refu la moshi na ule mlima mweusi wa terili bado vinaonekana kutoka mbali. Babu zetu wengi waliletwa hapa kufanya kazi kiwandani. Na kuna jambo jingine ambalo wapiga gitaa wachache wanalifikiria: chini ya nyuzi za gitaa ya umeme kuna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba sana wa shaba, maelfu ya mizunguko. Uzi ukitikisika, shaba ndiyo inayougeuza mtikisiko kuwa umeme. Ukisikiliza kwa telefone, ndani ya batri mara nyingi kuna kobalti, na kobalti nyingi ya dunia inatoka Lualaba na Haut-Katanga. Kwa hiyo hakuna muziki wa metali bila sisi. Wanatumia chuma chetu kupiga kelele yao, na sisi wenyewe tumenyamaza. Hilo linaniudhi kidogo, nakubali.

Usiende mbali kama Birmingham, lakini. Kutoka Lubumbashi mpaka Kasumbalesa ni karibu kilomita 90, na ukivuka mpaka unaingia katika mkanda ule ule wa shaba, kwa watu wanaosema Kibemba kama bibi zetu wengi. Huko, katika miaka ya 1970, Wazambia walikuwa na muziki wao mzito, ule ambao leo dunia inauita Zamrock. Kundi WITCH liliongozwa na Emmanuel Chanda, kijana aliyekulia Kitwe, aliyeitwa Jagari kwa kumfuata Mick Jagger. Paul Ngozi alipiga gitaa yenye mkwaruzo mzito akiwa na kundi lake Ngozi Family. Amanaz walitoa diski yao «Africa» mwaka 1975. Rais Kaunda alitaka redio ipige zaidi muziki wa Wazambia wenyewe, mishahara ya migodi ilikuwepo, Ndola ilikuwa na watu wa kutoa diski. Kisha bei ya shaba ikaanguka katikati ya miaka hiyo, pesa ikakauka, na baadaye ukimwi ukachukua wanamuziki wengi. Katika WITCH ya zamani alibaki Jagari peke yake. Alifundisha muziki, akachimba mawe ya thamani, na dunia ikamsahau mpaka wakusanyaji wa sahani za zamani walipomtafuta. Mwaka 2023 kundi lilitoa diski mpya, «Zango», na mwaka huu wa 2025 «Sogolo».

Hizo mbili ni ndefu, haziingii katika masharti yangu, na sitavunja sharti kwa ajili ya jirani hata kama nampenda. Ninazitaja sababu ya swali moja. Kwa nini Kitwe na siyo Lubumbashi? Migodi ni ile ile, na redio za Kibemba zilisikika pande zote mbili. Jibu langu ni fupi: wao waliandika kwenye sahani. Kundi la Kitwe lililopiga jumamosi moja katika baa bila kurekodi limepotea kama makundi yetu. WITCH haikupotea sababu sahani ilibaki ndani ya sanduku la mtu. Muziki uliobaki siku zote ni ule uliobanwa katika kitu ambacho mtu anaweza kukishika, kukificha, kukirithisha. Leo kitu hicho ni faili.

Basi orodha yenyewe. Sitazipanga kwa namba. Nani ananilipa nipange?

Diski niliyoirudia zaidi haina gitaa hata moja. Slikback ni Mkenya, na mwaka 2018 alitoa «Lasakaneku», kisha mwaka 2019 «Tomo», zote fupi, zote nzito kama lori la madini linaloteremka bila breki. Ni mashine tupu: besi inayosukuma kifua, vipigo vinavyokuja pale ambapo hukuvingoja. Kijana wa jirani alisimama mlangoni kwangu akasikiliza dakika moja nzima, kisha akauliza: «Yaya, hii ni musiki ao ni mashini ya kusaga bunga?» Nilimwambia ni vyote viwili. Alirudi kesho yake akaomba nimtumie kwa Bluetooth. Diski hizo zilitolewa Kampala na Hakuna Kulala, nyumba ya muziki yenye jina la Kiswahili, na mmoja wa walioianzisha ni Rey Sapienz, mtoto wa Bunia, Ituri. Mkongomani wa mashariki, mbali na nyumbani, amesaidia kufungua mlango ambao Wakenya na Waganda wanaupitia. Ningependa vijana wa Bunia, Beni na Uvira wajue jina lake kama wanavyojua majina ya wachezaji wa mpira.

Kutoka mlango huo huo nilichukua wimbo mmoja wa MC Yallah, mwanamke mzaliwa wa Kenya aliyekulia Uganda, anayerap kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Katika diski yake «Yallah Beibe» ya mwaka 2023 kuna wimbo anaoshirikiana na Lord Spikeheart, «No One Seems to Bother». Maneno yake yanakwenda haraka na safi, kisha sauti ya Spikeheart inaingia kutoka chini kama udongo unaobomoka ndani ya shimo. Diski nzima ni ndefu. Wimbo huo peke yake unatosha kwa safari ya basi kutoka Kasapa mpaka mjini, hasa basi likijaa na mhubiri akaanza kuhubiri ndani yake.

Spikeheart huyo, jina lake Martin Khanja, ndiye aliyekuwa nusu ya kundi Duma la Nairobi, pamoja na Sam Karugu. Diski yao ya mwaka 2020 inaitwa «Duma» tu. Mswahili akiona jina hilo anafikiria mnyama mwenye mbio, na muziki wao una mbio kweli. Lakini wao walilichukua kutoka Kikikuyu, ambako maana yake ni giza. Hapa masharti yangu yanatetereka, maana diski ile inapita nusu saa. Ninaisikiliza nyimbo tatu tatu, na wenyewe hawapo kunikataza. Ni kitu kikali kuliko vyote nilivyonavyo: ngoma za kompyuta zinazokwenda kasi mpaka hazihesabiki, na juu yake mtu anayelia. Usimpe mzazi mwenye presha.

Kinshasa nayo ina nafasi. Fulu Miziki, maana yake kwa Kilingala ni muziki wa takataka, wanatengeneza vyombo vyao kwa mabomba ya plastiki, mabidoni na vyuma vilivyotupwa, na nguo zao pia. Diski yao fupi «Ngbaka» ilitoka mwaka 2022. Si metali, mtu atasema. Mimi nasema gonga bomba la plastiki kwa hasira ya mtu anayekaa karibu na jalala, uone kama si mzito. Kabla yao Konono No 1, wa mzee Mingiedi Mawangu, walikwisha kuonyesha njia: likembe zilizounganishwa na sumaku za magari mabovu, spika zilizosukumwa kupita uwezo wao. Hapo ndipo siri ya muziki mzito ilipo, na ni rahisi kuieleza. Ampli ikipewa sauti kubwa kuliko inayoweza kubeba, inakata vichwa vya mawimbi, na sauti inakuwa nene, yenye mchanga ndani yake. Wazungu wananunua kisanduku maalumu ili wapate mkwaruzo huo. Spika za kanisa la jirani yangu zinautoa bure kila alfajiri.

Nairobi tena: Crystal Axis, kundi la panki, wana wimbo uitwao «Leopold». Ndiyo, yule yule, mfalme wa Wabelgiji aliyeifanya Kongo mali yake. Ni wimbo mmoja, mfupi, wa hasira, umeimbwa na vijana ambao nchi yao ilitawaliwa na Waingereza. Niliusikiliza mara ya kwanza nikafurahi, mara ya pili nikaona haya kidogo. Wakenya wanamkasirikia Leopold kwa gitaa, sisi ambao babu zetu walikuwa chini yake tunaimbia majina ya watu wanaotupa dola jukwaani. Sitaki kusema vibaya juu ya wanaokula kwa mabanga, kila mtu ana watoto wa kulisha. Lakini wimbo ule ungeweza kutoka Likasi.

Na kwa kucheka: Waingereza wa Napalm Death, wa Birmingham hao hao, wana wimbo «You Suffer» katika diski yao ya mwaka 1987. Unachukua sekunde moja na kidogo. Guinness iliuandika kuwa wimbo mfupi kuliko zote zilizorekodiwa. Ni wimbo pekee ambao SNEL haijawahi kunikatia katikati.

Nimefika kwetu sasa. Watu wanaoniambia kwamba Lubumbashi haina muziki mzito wake hawajawahi kusimama karibu na karindula. Chombo chenyewe ni kama banjo, lakini banjo ya jitu: pipa la mafuta lililofunikwa ngozi ya mbuzi, mkono mrefu wa mti, nyuzi nne. Anayepiga anakaa juu yake ao nyuma yake, wengine wanapiga karindula ndogo, wengine ngoma na vyuma, na jambo linakwenda robo saa, nusu saa, mpaka vumbi linapanda na watu hawajui tena nani anacheza na nani anaangalia. Mbelgiji Vincent Kenis alikuja kurekodi makundi hapa Lubumbashi, kati yao BBK na Bena Ngoma, na mwaka 2011 kampuni Crammed Discs ya Brussels ikatoa sauti na video kwa jina «The Karindula Sessions». Tafuta video hizo. Ile besi ya pipa haina haja ya umeme wowote, na ni nzito kuliko nusu ya makundi ya Ulaya ninayoyajua.

Haimo katika orodha yangu kwa sababu moja tu: ni ndefu. Nyimbo zake zimetengenezwa kwa uwanja, kwa sherehe, kwa jua la mchana. Hilo ni sawa, uwanja una haki yake. Lakini Bosco naye alipiga kwa masaa katika sherehe za watu, na bado alijua kubana kitu katika dakika tatu. Mtu achukue karindula, aweke mikrofoni karibu na ngozi, asukume ampli mpaka ilalamike, apige dakika nne, asimame. Afanye hivyo mara nne. Diski hiyo ikitoka kesho, nitaiweka juu ya Slikback na juu ya Duma bila kuisikiliza mara mbili.

Wanamuziki wa hapa ninaozungumza nao wana majibu tayari. La kwanza ni pesa: «Tunangojea produsa, tutatoa albamu ya nyimbo kumi na mbili». Nimelisikia tangu kundi hilo hilo lilipokuwa na watu watano. Sasa wamebaki wawili, mmoja ameenda Kolwezi kutafuta kazi kwenye mgodi, mwingine ameoa na mkwe hataki kelele. Nyimbo zao nne nzuri zimekufa nao. Kumi na mbili hazikuzaliwa kamwe. Kompyuta moja, mikrofoni mbili, chumba chenye magodoro ukutani na masaa matatu ya umeme vinatosha kwa nyimbo nne. Kwa kumi na mbili havitoshi, na kila anayejaribu anakatishwa njiani.

La pili ni kanisa. Hapa nasema kwa uangalifu, sababu jambo lenyewe si la mchezo. Kijana anayevaa nyeusi na kulia kama mnyama jukwaani anaweza kuitwa mchawi, na katika miji yetu kuitwa mchawi kunaweza kumtoa mtoto nyumbani kwao. Sitawaambia vijana wapuuze. Nawaambia waimbe kwa Kiswahili kinachosikika, wazazi waelewe wanalia juu ya nini. Wazazi wengi wanaogopa kile wasichokielewa. Wakisikia kwamba mtoto analia juu ya shule, maji na kazi, wataona analia juu ya mambo yao wenyewe. Na tukumbuke kwamba mkesha wa maombi una mkwaruzo, kelele na ngoma kuliko konsati yoyote ya metali niliyoiona kwa video.

La tatu ni serikali. Mwezi wa kumi na moja 2021 tume ya kuchunguza nyimbo ilizuia «Nini Tosali Te» ya kundi MPR la Kinshasa, wimbo unaouliza kile wananchi hawajafanya ili nchi ibadilike. Watu walilalamika sana, na kizuizi kiliondolewa haraka. Wimbo ule haukuwa na gitaa nzito. Uzito ulikuwa katika swali. Lakini angalia: ulikuwa wimbo mmoja, mfupi, na kabla tume haijamaliza kuandika barua ulikwisha kuingia katika telefone za nchi nzima. Albamu ya saa moja ingekamatwa ikiwa bado inapakuliwa.

La nne hawalisemi, nalisoma usoni mwao: «Tutaimba nini?» Mwezi wa kumi na moja mwaka huu maji yenye sumu kutoka katika kiwanda cha madini yalitiririka mpaka katika mitaa ya upande wetu huu wa Lubumbashi. Watu waliyakanyaga kabla ya kujua ni nini. Serikali ilisimamisha kazi za kampuni, mawaziri walikuja, kamera zilikuja, zikaondoka. Kama Birmingham ilifanya muziki kutokana na vidole vya mtu mmoja, sisi tuna vya kutosha kwa miaka hamsini. Nilingoja mwezi mzima kusikia wimbo juu ya maji yale, hata wa dakika mbili. Nilisikia matangazo ya bia.

Ninajua kundi moja linalofanya mazoezi jumapili mchana nyuma ya nyumba moja karibu na mahome, sababu saa hiyo umeme mara nyingi upo na mapasta wamechoka. Gitaa mbili, moja ina nyuzi tano. Siwataji jina, hawajaniruhusu. Wana wimbo mmoja unaoanza na sauti ya bidoni tupu likiburutwa kwenye changarawe, ile sauti ya asubuhi ya mtu anayeenda kutafuta maji, kisha gitaa inaifuata kwa noti ile ile mpaka huwezi kutofautisha. Niliwauliza wana ngapi zilizokamilika. Wakasema tatu, na ya nne inakosa mwisho.

Tatu zinatosha. Nimewapa namba yangu, na orodha ya mwaka 2026 bado haina kitu.